Jina lake Tatu: kusoma kitabu cha Che pamoja na wanaojifunza Kihispania

Kabla hujapakua kwenye simu ile orodha ya "maneno 100 ya Kihispania kwa msafiri", kuna kitabu kimoja ninachotaka usome kwanza. Mwandishi wake alifanya safari yako kwa kinyume. Yeye alitoka ndani ya Kihispania akaja kwetu, huku Fizi, na kamusi mkononi, na mwalimu wa Kiswahili pembeni, akakaa miezi saba. Mwishoni akaandika mwenyewe kwamba lugha ilikuwa moja ya mambo yaliyomshinda.

Ninasema juu ya Ernesto Che Guevara na kitabu chake kinachoitwa Pasajes de la guerra revolucionaria: Congo. Alikiandika Dar es Salaam, amejifungia ndani ya ubalozi wa Kuba, mwisho wa 1965 na mwanzo wa 1966. Kilitoka rasmi mwaka 1999 tu. Huku kwetu wanaokisoma wanakisoma kama kitabu cha siasa: nani alikuwa mbele, nani alibaki Kigoma anakunywa, Kabila alikuwa wapi. Hayo yote yamo, na mabishano yake hayataisha leo. Mimi nimekisoma nikitafuta kitu kingine: maneno. Ni maneno gani ya kwetu yaliingia sikioni mwa wale wageni, na ni yapi yalipita kando?

Swali hilo si la kujifurahisha. Kihispania kimeingia nyumbani mwetu kwa mlango wa nyuma. Kuna kijana anayetafuta nafasi ya kusoma udaktari Kuba. Kuna familia nyingi za Babembe zilizokimbilia Nyarugusu, kule Kasulu, zikapelekwa Marekani, na walipoingia kazini wakakuta lugha ya watu wa mkono si Kiingereza walichosoma kambini kwa jasho, ni Kihispania. Njo maana kila mtu sasa anatafuta orodha, na orodha ziko nyingi, za bure, na karibu zote ni mbaya kwa namna moja. Nitafika huko.

Tuanze na jina. "Che" lenyewe ni neno la mtaani. Ajentina wanalitumia kumwita mtu, kama sisi tunavyosema "wee" au "ndugu sikia". Guevara alilisema mara nyingi mno, hadi Wakuba aliokutana nao Guatemala katika miaka ya 1950 wakamgeuzia likawa jina lake. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa anatembea duniani na msemo wa mtaani mahali pa jina. Hakuna aliyejua zaidi yake kwamba neno dogo la mtaani linaweza kukufanya uwe mtu wa watu.

Halafu akaja kwetu, na jina likabadilishwa. Kundi la kwanza lilivuka ziwa kutoka Kigoma na kufika Kibamba tarehe 24 Aprili 1965. Kila Mkuba alipewa jina la Kiswahili, na walianza kwa kuhesabu. Víctor Dreke, kamanda aliyetangulizwa mbele, akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che akawa Tatu, na kazi yake kwa watu ilisemwa ni udaktari na ukalimani wa Kifaransa. Waliofuata wakaendelea na hesabu, na daktari mmoja akaitwa Kumi. Hesabu zilipochosha wakachukua maneno mengine: Carlos Coello akawa Tumaini.

Mimi nacheka kila mara ninapofika hapo, lakini angalia vizuri. Namba ndizo kitu cha kwanza ambacho kila orodha ya msafiri inafundisha. Uno, dos, tres. Unajifunza kwa saa moja, unajisikia umeanza kusema lugha. Na namba ni maneno ambayo hayakuombi kumjua mtu yeyote. Mzee wa Kibamba alipoambiwa kwamba huyu mgeni anaitwa Tatu, alielewa neno, lakini kwetu jina linasema umezaliwa wapi, nani alikufa ukarithi jina lake, ulitangulia mapacha au uliwafuata. Tatu anasema nini? Anasema kuna wawili mbele yake, basi.

Usinielewe vibaya. Namba zilikuwa za kuficha watu, ni vita, na zilifanya kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba kitabu kizima kinabaki na sauti ya namna hiyo: Kiswahili kimeingia kwa kazi ya wageni wenyewe, kuitana na kuagiza, na kidogo sana kwa kazi ya kusikiliza. Hesabu mwenyewe maneno ya kwetu yanayorudi ndani ya kurasa: dawa, pombe, na mengine machache ya chakula na ya kambi. Dawa ile ya kuzuia risasi anaieleza kwa kirefu, na masharti yake, kutogusa mwanamke, kutogusa mali ya mtu, kutoogopa, na anaona vizuri jinsi masharti hayo yanavyomlinda mganga pale mpiganaji anapokufa. Ni kurasa nzuri. Lakini ni kurasa za mtu anayetazama kwa macho. Hakuna mganga anayezungumza ndani yake. (Na wenzake, wengi wao Wakuba weusi, walikuwa wametoka katika nchi ambamo neno nganga lilivukishwa baharini pamoja na watumwa wa Kikongo na linaishi hadi leo katika dini ya Palo. Kulikuwa na mazungumzo pale ya usiku mzima. Kitabu kinayapita.)

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo bora katika kitabu chote. Mwishoni kabisa, akijipima, Che anaandika kwamba hakujifunza Kiswahili upesi wala kwa undani wa kutosha, na anataja sababu bila kuzunguka: alikijua Kifaransa. Kifaransa kilimwezesha kuongea na viongozi, na Kifaransa hichohicho kikamtenga na wapiganaji wa chini. Anasema pia kwamba alikosa nia ya kujikaza.

Someni hapo mara mbili, ninyi mliosoma kwa Kifaransa kuanzia sekondari hadi ukumbi wa universite. Lugha uliyonayo tayari ndiyo adui wa lugha unayoihitaji. Unafika mahali, unakuta mmoja anayesikia Kifaransa, unapumua, na tangu siku hiyo dunia yako inakuwa ukubwa wa mtu yule mmoja. Atakwambia anachotaka ujue. Che aliletewa ahadi kwa Kifaransa kizuri kabisa: wakubwa watafika kesho, mizigo imeondoka, mstari wa mbele uko imara. Wale waliojua kwamba hakuna kitu kinachokuja walikuwa wanalisema kila siku, kwa Kiswahili na kwa Kibembe, mita chache kutoka kwake.

Na mfano wake mkubwa ni ile habari ya motokari. Kila anayesoma kitabu anaikumbuka. Chakula na risasi vilishushwa ufukweni Kibamba, kambi ya juu iko mlimani, na mlima wa kwetu mnaujua. Wakuba wanabeba. Wapiganaji wa hapa wakiambiwa wabebe, wanajibu kwamba wao si motokari. Baadaye, walipoona ni nani anayebeba kila siku, jibu likabadilika: sasa wakasema wao si Wakuba.

Che analiandika hili kama ushahidi wa uvivu na wa nidhamu iliyokufa. Hapo mimi ninakataa usomaji wake, ijapokuwa namheshimu. Jibu lile si uvivu tu, ni msemo. Lina mzaha, lina kisu ndani, na lina historia. Katika nchi hii mtu alikuwa motokari kabla motokari haijafika. Vita ya 1914–1918, jeshi la Wabelgiji lilipokwenda hadi Tabora, mizigo yake ilisafiri juu ya vichwa vya watu wa huku mashariki, kwa maelfu na maelfu, na wengi hawakurudi. Baba wa mpiganaji wa 1965 aliweza kuwa mtoto wa mmoja wao. Sasa mgeni anakuja, anasema amekuja kukukomboa, halafu jambo la kwanza anakuonyesha sanduku na mlima. Unamjibu: mimi si motokari. Kama angekuwa na sikio la msemo, angeuliza, motokari ya nani? Saa moja ya kuongea juu ya neno hilo moja ingemfundisha Fizi kuliko ripoti zote za Kifaransa.

Na lile jibu la pili, "si Mkuba", ni kali zaidi. Limehamisha mahali pa mbeba mzigo kutoka kwenye mashine hadi kwa rafiki. Ndani yake kuna kucheka na kuna aibu kidogo. Mtu wa Baraka au wa Kazimia akilisikia leo anatabasamu palepale, haihitaji maelezo. Kitabu kimelihifadhi, tunashukuru, lakini kimelihifadhi kama vile mtu anavyookota kitu njiani asijue ni cha nini.

Ninaongeza kwamba hata Kiswahili chenyewe hakikuwa ufunguo wote. Kiswahili huku ni lugha ya ziwa, ya soko, ya kanisa na ya shule. Ukipanda mlimani, mama anayechota maji anaongea Kibembe na mtoto wake. Wanyarwanda waliokuwa wakipigana pamoja nao walikuwa na Kinyarwanda chao. Kitabu kinataja vijiji na njia zetu, kinapita Baraka na Fizi yenyewe kabla mamluki wa Mike Hoare hawajashuka Baraka mwisho wa Septemba, na katika safari yote hiyo wanawake wa vijiji karibu hawana sentensi moja. Ni kasoro ya kitabu kama kitabu, siyo ya siasa tu. Mwandishi mwenye jicho kali namna ile amekosa nusu ya watu kwa sababu hakuwa na mlango wa kuingilia kwao.

Tarehe 21 Novemba 1965 walivuka ziwa usiku kurudi Kigoma. Ungetegemea somo la lugha limeingia. Mwaka uliofuata wakaingia Bolivia, na safari hii walijitayarisha kweli: walisoma Kikechua, lugha ya wenyeji wa milimani. Wakaenda kujificha Ñancahuazú, ambako wenyeji wanaongea Kiguarani. Yaani walibeba orodha sahihi na kuifikisha kwenye kijiji kisicho chake. Tumaini wetu alikuwa naye huko, jina limekatwa limebaki Tuma, akauawa Juni 1967. Neno la Kiswahili likafa katika msitu wa Bolivia katikati ya watu wasiojua maana yake. Sijui kwa nini jambo hilo dogo linaniuma kuliko mengine.

Kuna mtu mmoja katika hadithi hii ambaye alifaulu mtihani wa lugha, na si mgeni. Ni Freddy Ilanga, kijana wa Kikongo mwenye miaka kama 15 au 16, aliyepewa kazi ya kumfundisha Che Kiswahili na kumtafsiria. Miezi saba alikaa pembeni yake. Baadaye alipelekwa Kuba, akidhani ni safari ya muda tu. Alibaki miaka arobaini. Akasoma kwa Kihispania, akawa daktari, akafika hadi kupasua vichwa vya watoto wagonjwa. Mwaka 2003 familia yake ilimpata kwa simu kutoka Bukavu. Katrin Hansing ametengeneza filamu fupi juu yake, na ukiipata, itazame kabla ya filamu nyingine yoyote juu ya Che. Ilanga alifariki Havana mwaka 2005.

Freddy hakuondoka na orodha. Aliondoka na kitu ambacho orodha haina: miezi saba ya kusikia Wakuba wakigombana, wakiomba sigara, wakilia wenzao. Alijua Kihispania cha watu waliochoka. Mwalimu alijifunza kutoka kwa mwanafunzi zaidi ya mwanafunzi alivyojifunza kwake, na sababu ni rahisi: kijana alilazimika kusikiliza. Alikuwa na kazi moja tu, kusikia.

Basi turudi kwenye zile orodha za simuni. Nimezipitia kadhaa kwa uvumilivu. Zimeandikwa kwa mtalii. Sentensi ya tatu ni kuomba bia, ya tano ni kuuliza choo, ya kumi ni kuuliza bei ili upunguziwe. Katika orodha hizo wewe ndiye mwenye pesa na wengine wote ni watumishi. Lakini kijana wa Fizi anayefika Texas au Havana hafiki kama mwenye pesa. Anafika kama mtu atakayeagizwa. Anahitaji maneno ya upande wa pili: más despacio, polepole zaidi; no le entendí, sikukuelewa; me duele aquí, naumia hapa; ¿cuánto pagan?, wanalipa ngapi. Na anahitaji namna ya kukataa bila kuvunja undugu, ile sanaa ya motokari. Hiyo sijaikuta katika orodha hata moja.

Halafu kuna misemo ya mtaani, ambayo vijana wanaipenda zaidi kwa sababu inakufanya uonekane mwenyeji. Hapo ndipo hatari. Kihispania ni kama Kiswahili chetu, kinabadilika kila unapovuka mto. Guagua ni basi ukiwa Kuba; ukifika Bolivia au Chile ni mtoto mchanga. Coger ni kuchukua tu ukiwa Hispania. Meksiko na Ajentina ni neno la kitandani, usiliseme mbele ya mama wa mtu. Ahorita, ambalo kamusi itakwambia ni sasa hivi, kwa Wameksiko linaweza kuwa leo jioni, kesho, au hapana kwa upole. (Huku kwetu "nakuja" ya mtu aliyeko bado nyumbani anaoga ni ahorita kamili.) Kwa hiyo anayejifunza misemo ya Havana kwenye video halafu akaenda kufanya kazi na Wameksiko amefanya lilelile la Kikechua.

Jambo moja orodha nyingi zinaliruka na sisi tungeliona mara moja ni heshima. Zinafundisha tú kila mahali, kwa sababu ni fupi. Sisi hatuwezi kumwambia mzee "uko muzima?" kana kwamba ni mwenzako, tunasema "muko bazima?", mmoja lakini wengi. Usted ndiyo "muko" yao. Mtoto wa Fizi ana faida hapo kuliko mtalii yeyote wa Ulaya, na nashangaa kwamba hakuna anayemwambia hivyo.

Binamu yangu mmoja alitoka Nyarugusu, sasa anafanya kazi Marekani kwenye kiwanda cha kukata nyama ya kuku. Alikuwa amejikariri sentensi kama ishirini za Kihispania kabla ya kuanza, zote za adabu. Wiki ya kwanza, Mmeksiko aliyesimama nyuma yake alipiga kelele: ¡aguas! Agua alilijua, ni maji. Akaangalia chini kutafuta maji yaliyomwagika. Kumbe kwa Wameksiko huo ni msemo, maana yake jihadhari, na kilichokuwa kinakuja ni toroli la chuma limejaa masanduku. Yule mtu alimvuta kwa shati.

Tangu siku ile aliacha ile orodha yake. Wakati wa kula alikwenda kukaa meza ya Wameksiko, hakusema kitu kwa siku nyingi, anakula na kusikiliza tu, na mmoja wao, mama mtu mzima ambaye anamwita usted, akaanza kumsahihisha. Mwezi wa tatu alinitumia sauti kwenye simu, anacheka. Anasema sasa wakimwita wanapiga kelele "Ndugu!", na wanaitamka Undugo, na amechoka kuwarekebisha.